Siku Tuliyokwenda Mbeya Kumtazama Leah Akikimbia

Tulipokuwa tunagawa vitu vya Baba, wiki chache baada ya kumzika, nilikuta ndani ya Biblia yake karatasi iliyokunjwa mara nne. Upande mmoja ilikuwa fomu ya mizigo, aina ile aliyokuwa akiijaza pale mpakani Tunduma miaka yote, yenye namba ya lori na tani za shaba. Upande wa pili alikuwa amechora barabara za Mbeya kwa peni ya bluu. Uwanja wa mpira ulikuwa duara, njia panda ya Mafiati ilikuwa msalaba, na kutoka hapo mstari mrefu ulikwenda mpaka Uyole na kurudi. Pembeni ameandika saa, kwa ule mwandiko wake wa kikarani usiopinda. Mama alikuwa akikunja mashati. Niliirudisha karatasi mahali pake kabla hajaiona, nikatoka nje kusimama kidogo.

Nilikuwa na miaka tisa alipoichora. Tulikaa Tunduma, nyumba ya vyumba vitatu nyuma ya barabara kuu, mahali ambapo foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia ilikuwa kama ukuta wa pili wa uwanja wetu. Baba alikuwa karani kwa wakala wa forodha. Mama alikuwa na meza ya vitenge sokoni. Dada yangu Leah alinizidi miaka kumi, na katikati yetu hapakuwa na mtoto mwingine, kwa hiyo yeye ndiye aliyenibeba, kunisuka, kunichapa na kunifundisha kusoma.

Leah alikuwa anakimbia. Asubuhi kabla jua halijatoka alivaa suruali ya michezo iliyopauka magotini, akatoka, akapita pembeni ya malori yale kwenda upande wa Vwawa mpaka alipoona inatosha, akarudi. Madereva waliolala kwenye magari yao walimjua. Wengine walimsalimia kwa Kibemba, mulishani, naye alinyanyua mkono bila kupunguza mwendo. Kidato cha nne hakikumwendea vizuri, na kwa miaka miwili alikuwa amesimama kwenye meza ya Mama akipima vitenge. Sikumbuki kumsikia akilalamika. Nakumbuka tu jinsi alivyokuwa akivikunja, kwa nguvu, kama anavifunga vitu visitoke.

Ndipo Mwalimu Haonga, aliyekuwa akimfundisha michezo sekondari, akaja nyumbani na habari. Mbeya kungekuwa na marathoni ya jiji. Wasichana wangekimbia nusu, kilomita ishirini na moja, na kocha mmoja kutoka Arusha angekuwepo. Watatu wa kwanza angewachukua kambini kwake.

"Kambini kufanya nini?" Mama aliuliza.

"Kula, kulala na kukimbia, Mama Leah. Kazi yao ni hiyo."

Mama alicheka kwa kutoamini. Leah hakucheka. Alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji, akasahau kulitua.

Baba zamani hakuupenda mchezo huu. Alisema msichana akikimbia barabarani watu wanamtazama miguu. Lakini siku moja alipita uwanja wa shule akamkuta Leah anawaacha wavulana wa kidato chake, na tangu siku ile akageuka kabisa. Sasa aliposikia habari ya Mbeya aliishughulikia kama anavyoshughulikia lori lenye nyaraka pungufu. Jioni baada ya jioni alikaa mezani na ile karatasi, akitupanga sisi watazamaji.

"Tutalala kwa shangazi yenu, Mwanjelwa," alisema. "Mbio zinaanza saa kumi na mbili na nusu. Sisi tutakuwa Mafiati, siyo uwanjani. Uwanjani kila mtu atakuwepo, hatatuona. Mafiati atapita saa moja kasoro robo. Akishapita tunatembea mpaka hapa, Kabwe, tunamngoja akirudi kutoka Uyole. Akipita tunapanda haraka mpaka uwanjani tumpokee."

"Atatuonaje kwenye watu wote wale?" Mama alisema.

"Vaa kile kitenge cha njano. Mimi nitakuwa na kofia yangu. Na huyu," akanigusa kichwa, "atapiga kelele."

Mama naye alikuwa na mpango wake: machungwa ya kumenywa, mayai, maji yenye glukosi, na khanga mbili za kumfunika jasho lisimkaukie, kwa sababu Mbeya miezi ile baridi yake haina huruma. Leah alisikiliza yote akitabasamu kwa mdomo tu. Nilidhani ni hofu ya mashindano.

Kilichonifanya nijue zaidi ya wazazi wangu ni fomu. Kocha alitaka kila msichana apimwe na daktari, na Leah alinichukua twende wote Vwawa, akamwambia Mama tunakwenda kununua viatu. Walimpiga picha ya kifua. Mimi niliachwa kwenye benchi nje ya chumba, mlango haukufungwa vizuri, na nilimwona daktari akiishika ile picha nyeusi kwenye mwanga wa dirisha.

"Unaona hapa?" alisema. "Moyo wako ni mkubwa. Umepita pale unapotakiwa kuishia."

Mtoto mmoja kwenye benchi letu alianza kulia na mama yake akaanza kumbembeleza, basi sikusikia mengine. Daktari aliongea muda mrefu. Leah alipotoka alikuwa na bahasha kubwa ya kaki kwapani, na uso wake ulikuwa umetulia mno.

"Daktari amesema una moyo mkubwa," nilimwambia tukiwa barabarani.

Alisimama. "Umesikia nini kingine?"

"Hicho tu. Kwa hiyo utashinda?"

Shuleni mwalimu wetu alikuwa ametufundisha kwamba askari wana moyo mkubwa. Kanisani walimsifu mzee mmoja aliyetoa mabati ya paa kwamba ana moyo mkubwa. Sikujua maana nyingine. Leah aliinama akanirekebishia kola ya sweta.

"Ndiyo," alisema. "Nitashinda. Ila usimwambie Baba wala Mama mambo ya leo. Iwe siri yetu."

Nikaelewa kwamba siri ile ni ya kuwashangaza wazazi siku atakaposhinda. Nilijisikia mtu muhimu sana. Siku chache baadaye fomu ilikuwa imejazwa na kugongwa muhuri, na muhuri ule haukuwa wa Vwawa, ulikuwa wa zahanati nyingine. Mimi ndiye niliyeishika fomu ile wakati Leah anatafuta bahasha, na nikausoma, kwa sababu wakati ule nilisoma kila kitu. Sikujiuliza lolote.

Nilikuwa nalala naye chumba kimoja. Siku zile alianza kulala na mito miwili na blanketi lililokunjwa chini yake, karibu ameketi. Nikadhani ndivyo wakimbiaji wanavyolala, nami nikakunja nguo zangu nikaziweka chini ya mto wangu. Mara nyingine akirudi kutoka mbioni alisimama nyuma ya nyumba na kiganja kifuani, macho yamefumbwa. Nilidhani anasali, nikawa nasimama mbali ili nisimsumbue.

Asubuhi ya mbio tulifika Mafiati kungali na kiza. Pumzi zetu zilitoka kama moshi. Polisi wa barabarani walikuwa wameshazuia magari, na barabara kuu ile ambayo siku zote ilinguruma ilikuwa kimya, tupu, pana kuliko nilivyowahi kuiona. Watu walijipanga pande zote mbili. Baba alitutafutia nafasi mbele, kisha akashika mkono wake wa saa kwa mkono wa pili, kama anayejipima mapigo.

Wanaume walipita kwanza, kundi zima, viatu vikigonga lami. Halafu wasichana. Leah alikuwa wa nne. Nilipiga kelele mpaka koo likauma, na Mama akapunga kitenge chake juu, na Leah akatuona. Aligeuza uso upande wetu kidogo tu. Midomo yake ilikuwa na rangi ya majivu. Nilidhani ni baridi.

"Wa nne," Baba alisema. "Na dakika mbili mbele ya nilivyopanga. Hajaanza hata kusukuma. Akimpata yule wa kijani, kocha anamchukua." Sijawahi kumwona na furaha ile, hata siku za harusi za ndugu zake.

Nami nikashindwa kuvumilia. Nilitaka kuongeza furaha ile.

"Atampata," nilisema. "Daktari wa Vwawa alisema dada ana moyo mkubwa."

Baba alikuwa bado anaangalia saa. "Daktari gani?"

"Aliyempiga picha ya kifua. Alisema moyo umepita pale unapotakiwa kuishia. Ilikuwa siri mpaka ashinde."

Mkono wake wenye saa ulishuka polepole. Mama alikuwa ameshika chungwa na kisu, akaviweka ndani ya kikapu kwa uangalifu, kama vitu vya mtu mwingine, kisha akaketi chini ukingoni mwa barabara na kitenge chake kizuri.

"Zile homa," alisema. "Baba Leah, zile homa za viungo alipokuwa mdogo."

Nilidhani wameguswa na habari nzuri. Nilikuwa bado natabasamu Baba aliponishika mkono akaanza kukimbia.

Pikipiki tuliipata nyuma ya maduka. Baba alimwambia dereva twende Sae, kabla ya Uyole, tupitie mitaa ya ndani, barabara imefungwa. Watatu nyuma tusingeenea, Mama akabaki. Mimi nilibanwa katikati, pua yangu kwenye koti la dereva, na mdomo wa Baba ukiwa sikioni kwangu.

"Alisema nini kingine? Kumbuka, mama."

"Sikusikia. Kuna mtoto alikuwa analia."

Tulipita vichochoro vyenye mitaro, tukakata kona, tukakuta njia imezibwa na mchanga wa ujenzi, tukarudi nyuma. Baba akaniuliza tena lile lile. Na tena. Mara ya tatu sauti yake ilikuwa ya mtu nisiyemjua.

"Baba, moyo mkubwa ni mbaya?"

Tulikuwa tumetokea kwenye nyumba za Ilomba. "Ni ugonjwa," alisema. "Ni ugonjwa, mama."

Nilifikiria mito miwili, kiganja kifuani, na mimi nimesimama mbali nikimheshimu.

Sae tulimkuta msimamizi mwenye kizibao cha njano na bendera ndogo. Baba alimwuliza kama msichana mwenye namba ya Leah amepita. Yule kijana akatazama juu akikumbuka. Amepita, alisema, kama dakika mbili zilizopita, kuelekea Uyole. Mbele pikipiki haziruhusiwi. Atarudi hapa hapa.

"Baada ya muda gani?"

"Robo saa. Ishirini hivi."

Tukangoja. Ndicho kipande cha siku ile kinachonirudia mpaka leo, zaidi ya kukimbia kwetu. Jua lilikuwa linaanza kugusa mlima na watu waliokuwa karibu nasi walikula karanga na kucheka. Mwanamke mmoja alimwuliza Baba kama ana mtoto mbioni, Baba akasema ndiyo, naye akampongeza. Baba akasema asante. Hapo ndipo gari la wagonjwa likapita mbele yetu kwa kasi, king'ora kikilia, kuelekea Uyole.

Baba alivua kofia yake. Nilimshika koti lake, nikaomba kwa Mungu anisahaulishe nilichosikia Vwawa, nikiamini kwamba nikikisahau mimi kitakuwa hakikusemwa.

Wanaume walianza kurudi. Mmoja, watatu, kundi. Gari la wagonjwa halikurudi. Halafu msichana wa kwanza, mwembamba, mrefu. Wa pili nyuma yake mbali kidogo. Na baada ya hapo barabara ikawa tupu kwa muda mrefu, mpaka kwenye kona pakatokea mtu mwenye suruali iliyopauka magotini.

Alikuwa wa tatu. Alikuwa amemwacha yule wa kijani nyuma kabisa.

Baba aliingia barabarani. Msimamizi akamkimbilia. "Mzee, toka. Ukimgusa tunamtoa."

"Simgusi," Baba alisema.

Akaanza kukimbia pembeni ya Leah na viatu vyake vyeusi vya ofisini, koti likipepea, nami nyuma yao kwenye vumbi la ukingoni. Nilisikia kila kitu.

"Leah, simama."

"Baba, niache."

"Nimeambiwa habari ya moyo wako. Simama, mwanangu."

Leah aligeuza kichwa akaniona. Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kunitazama hivyo. Halafu akatazama mbele na kuongeza mwendo.

"Nimebakiza kidogo," alisema, na kati ya neno na neno kulikuwa na mlio kama wa mluzi. "Baba. Nimebakiza kidogo tu."

"Nakuomba."

"Niko wa tatu."

Walikwenda hivyo mwendo wa nyumba kama kumi. Baba alikuwa na miaka hamsini na kitu, hajakimbia tangu ujana wake, na uso wake ulikuwa umelowa. Aliomba kwa Kiswahili, kisha kwa Kinyiha, lugha aliyotumia na sisi wakati wa misiba tu. Leah hakusimama. Hakuwa anayumba wala kuanguka. Alikuwa anakimbia vizuri, na hilo lazima niliseme. Ndipo Baba akanyoosha mkono akamshika juu ya kiwiko, na hakumwachia.

Bendera ikapanda. Msimamizi akatikisa kichwa, akaandika namba.

Leah aliketi ukingoni, mgongo umeinama, mabega yakipanda na kushuka. Baba akapiga magoti mbele yake, akawa anamsugua vidole vilivyokuwa baridi. Mimi nilisimama hatua chache nyuma yao, nikiogopa kusogea. Yule wa kijani akapita.

"Wa tatu," Leah alisema.

Akapita mwingine. "Wa nne." Akapita mwingine. Aliwahesabu wote kwa sauti ndogo isiyo na hasira, mpaka wa kumi na moja, na Baba hakumwambia anyamaze. Mama alitufikia akiwa peku, viatu mkononi, kikapu bado kiko kichwani na machungwa yote ndani yake. Alimfunika Leah khanga zote mbili, akaketi nyuma yake, akamkumbatia kwa nyuma kama mtu anayepakata mtoto mchanga.

Wiki ile ile walimpima kwenye hospitali ya rufaa. Mlango mmoja wa moyo ulikuwa umeharibika, tangu zile homa, na ulikuwa unavuja. Daktari alikuwa mama mtu mzima, mpole. Baba alimwuliza kama kukimbia kungemwua. Alisema ingewezekana kabisa.

"Na ingewezekana nimalize?" Leah aliuliza.

Daktari alimgeukia. "Ingewezekana pia, binti. Sitakudanganya."

Leah aliitikia kwa kichwa. Tukiwa njiani kurudi Tunduma alikaa dirishani, na alipotaka maji alimwomba Mama ingawa chupa nilikuwa nayo mimi.

Hakuzungumza nami mpaka mahindi yalipoanza kuchipua mwaka ule. Tulilala chumba kimoja na hakunena nami. Alinisuka, kwa sababu Mama alimwagiza, na mikono yake haikuniumiza, lakini haikuniambia chochote. Nilijifunza kuamka usiku kusikiliza kama anapumua. Siku aliponisemesha, ilikuwa ni kuniuliza nimeweka wapi sabuni. Nilikimbia kuileta huku nalia, na yeye akaipokea, akaenda kufua.

Kocha aliwachukua wengine. Leah alikuwa akidungwa sindano kila mwezi, na miaka miwili baadaye wakamtengeneza ule mlango wa moyo huko Dar es Salaam. Alisoma ualimu wa chekechea, akaolewa Mbozi kwa watu wa kahawa, akapata mtoto mmoja, wa kike. Baba hakuwahi kuzungumzia siku ile mbele yangu. Mara moja tu, nikiwa sekondari, aliniambia bila mwanzo wala mwisho, "Hukukosea, mama." Sikujua kama anasema kweli au ananihurumia, na sasa sina wa kumwuliza.

Leah mwenyewe nilimwuliza. Nilikwenda kumsaidia wakati wa mavuno, tukawa tumesimama pande mbili za kichanja cha kahawa, tunachambua punje mbovu. Nilikuwa nimejenga fikra, katika miaka yote ile, kwamba alinichukua Vwawa makusudi, kwamba moyoni alitaka mtu wa kusema kile ambacho yeye hawezi kukisema. Nilimwambia hivyo.

"Hapana," alisema. "Nilikuchukua kwa sababu Mama asingeniruhusu kwenda peke yangu. Sikutaka useme."

Tuliendelea kuchambua.

"Miguu ilikuwa mizuri siku ile," alisema. "Kuna siku naamka nimekukasirikia. Nakaa nimekukasirikia mpaka saa nne, saa tano, halafu inaisha. Siyo kila siku."

"Na leo?"

"Leo hapana."

Ndani ya nyumba kitu kilianguka, chungu au sufuria, na mwanawe akalia. Leah alipangusa mikono kwenye khanga akaelekea nyumbani, akitembea upesi kadiri madaktari walivyomruhusu. Kilio kikaongezeka. Hatua tano au sita za mwisho kabla ya mlango alikimbia, mgongo umenyooka, visigino vikigusa ardhi kidogo mno. Nikainamia kahawa yangu, nikaendelea kuchambua.